Chuma cha Kulehemu cha Kupeleka Mlimani

Mvua za Nyanda za Juu Kusini zikishakatika, kuanzia mwishoni mwa Mei mpaka Oktoba, watu wa redio za ridhaa huanza kupanda mapaa na kukwea miti. Antena iliyonyeshewa tangu Novemba inashushwa ikaguliwe, mpya inapimwa uani, na swali la kila msimu linarudi: ninunue chuma gani cha kulehemu? Muulizaji hutegemea kutajiwa jina la kampuni. Mimi namrudishia swali: kiungo unachotaka kulehemu ni kinene kiasi gani, na utakilehemu wapi? Anayekaa Mwanjelwa, mjini Mbeya, na kulehemu mezani karibu na soketi ya ukutani hana shida moja na anayetundika waya Makete, Julai, penye umande ulioganda na upepo usiopumzika.

Kosa la kawaida dukani ni kutazama ukali wa joto na kusahau wingi wake. Chuma cha wati 30 na chuma cha wati 100 vinaweza vyote kuwa na ncha yenye nyuzijoto 350. Kwenye mguu wa kipingamizi ndani ya redio huoni tofauti. Tofauti inajitokeza unapogusa kitu kinene cha shaba au shaba nyeupe, kwa sababu shaba hulichukua joto na kulikimbiza mbali haraka kuliko karibu metali yoyote nyingine. Chuma kidogo kwenye waya mnene ni kama kikombe cha maji yanayochemka kilichomwagwa kwenye beseni la maji ya baridi: maji yalikuwa ya moto kweli, ila hayatoshi.

Chukua konekta ya PL-259, ile plagi nene ya kufunga kwa kuzungusha ambayo redio nyingi za masafa mafupi huitumia. Mwili wake una uzito wa gramu 25 hivi. Kuutoa kwenye baridi ya asubuhi ya Mbeya hadi kiwango cha risasi kuyeyuka na kushika kunahitaji jouli kama 2,000. Kiasi hicho si kikubwa, lakini kinatakiwa kwa sekunde chache, kabla hakijatorokea kwenye wavu wa kebo. Ukiushika kwa chuma cha wati 30, utakaa dakika mbili au tatu ukisubiri. Wakati huo plastiki nyeupe inayotenganisha waya wa kati na wavu, ambayo hulainika joto likipita nyuzijoto mia moja na kidogo, inageuka uji. Waya wa kati unahama, unagusa wavu, na una kebo yenye shoti ambayo kwa nje inaonekana nzuri kabisa. Anayeogopa kuunguza kebo hununua chuma kidogo, na hicho ndicho kinachoiunguza. Chuma kikubwa huingia, hufanya kazi, hutoka, na plastiki haijapata habari.

Kwa hiyo cha nyumbani kiwe cha wati 80 hadi 100, chenye ncha pana iliyochongwa kama patasi, upana wa milimita sita au zaidi. Zile ncha nyembamba kama sindano waachie mafundi simu. Mashine za mezani za kurekebisha joto ni nzuri kwa anayefungua redio, lakini anayefanya antena tu hazihitaji, na nyingi za bei ndogo zina ncha isiyobeba joto la kutosha kwa PL-259.

Maandishi ya wati yaliyochapwa kwenye mpini usiyaamini mpaka uyapime. Nenda dukani na multimita yako, weka kwenye omu, gusa miguu miwili ya plagi. Kwa vyuma vya kawaida vyenye waya wa joto ndani, chukua volti 230, izidishe kwa yenyewe, ugawe kwa wati zilizoandikwa. Cha wati 100 kinapaswa kusoma karibu omu 530. Cha wati 60, karibu 880. Cha wati 30, zaidi ya 1,700. Ukishika kinachojiita cha wati 100 na multimita ikasema 1,300, umeshika cha wati 40 kilichovaa koti la kaka yake. Muuzaji mzuri hatakasirika ukipima. Kwa vyenye kipasha joto cha kauri kipimo hiki hudanganya, maana namba za baridi na za moto hazilingani. Hivyo omba kiwashwe, ukione kikiyeyusha risasi kwenye waya mnene mbele yako.

Ukishakuwa na hicho cha nyumbani, kazi nyingi iliyobaki ni ya kupanga. Dipoli ya nusu wimbi kwa masafa ya megahezi 7.1 ina urefu wa mita 20 hivi kwa jumla (gawa 143 kwa megahezi, unapata mita), na kwa megahezi 14.2 ni kama mita 10. Waya wote huo unaweza kukatwa, kuunganishwa kwenye kitovu na kulehemiwa kebo yake sebuleni, pasipo upepo. Acha sentimita 30 za ziada kila mwisho, uzikunje na kuzifunga. Urefu utaurekebisha nje kwa kukunja na kukunjua, bila moto. Konekta zote mbili za kebo nazo zimalizwe nyumbani. Ukifanya hivyo, nje kunabaki viungo vichache mno: waya uliokatika, waya wa ardhini kwenye bamba la antena ya wima, kebo iliyochunwa na tawi.

Ndiyo maana kabla ya kununua chuma cha pili napendekeza ununue kapi na kamba. Kapi moja juu ya nguzo au mti hukuwezesha kuishusha antena hadi kifuani pako. Kulehemu ukiwa juu ya ngazi, mkono mmoja umeshika mlingoti na mwingine umeshika kitu chenye nyuzijoto 350, upepo wa Makambako ukikusukuma, ni jambo ambalo hakuna chuma kinacholifaa. Waya uliolehemiwa ukiwa hewani huwa na kiungo kibovu hata kwa fundi hodari, kwa sababu unatikisika risasi ikiwa inaganda, na risasi iliyotikiswa hivyo hubaki na ngozi ya kijivu iliyokwaruzika na kushika nusu nusu.

Tuseme antena imeshuka, na umeme wa TANESCO uko umbali wa mita 40. Watu wengi huogopa kwamba kebo ndefu ya kuongezea itaupunguzia nguvu chuma. Haipunguzi. Cha wati 100 kwa volti 230 hakivuti hata nusu ampea, na kebo ya shaba ya milimita 1.5 za mraba yenye urefu wa mita 50 hupoteza nusu volti tu. Cha kuogopa ni majani yenye umande na soketi iliyolala chini. Ining'inize, vaa viatu vyenye soli ya mpira, na kwanza kabisa chomoa antena kwenye redio, kwa sababu chuma kisicho na waya wa ardhi huvujisha umeme kidogo unaotosha kuua transista ya kupokelea. Chuma hiki cha kawaida hufanya kazi pia kwa inveta yoyote ya sola inayobeba wati zake. Bastola ya kulehemu, ile yenye transfoma ndani na kitufe cha kubana, hainifurahishi kwenye inveta za bei ndogo: transfoma hulalamika, hupata moto, na hukatisha kazi. Kwenye umeme wa kawaida bastola ya wati 100 na zaidi ni nzuri, kwa kuwa hupata moto ndani ya sekunde chache na huiwashi usipoihitaji.

Pasipo umeme kabisa, mjadala wa vijana siku hizi ni vile vyuma vidogo vyenye kioo na kompyuta ndani, kama TS100 na Pinecil. Vinapendeza, vinaingia mfukoni, na vinauzwa kwa kusifiwa wati 60 na kitu. Sifa hiyo ni ya kweli kwa volti 24. Ukivifunga kwenye betri ya bodaboda ya volti 12, nguvu haishuki hadi nusu. Inashuka hadi robo, kwa sababu volti zikipungua mara mbili wati hupungua mara nne. Unabaki na wati 17 au 18, ambazo kwa waya wa antena kwenye upepo ni mzaha. Wapo wanaojibu kwa kufunga betri mbili za volti 12 mfululizo. Hesabu ni nzuri ila betri mbili zilizojaa hutoa zaidi ya volti 25, na TS100 mwisho wake ni 24. Kuna njia iliyo salama zaidi, na mafundi seremala wanayo tayari: betri ya drili ya volti 18. Ikijaa hufika 21, chuma kinapata wati 50 hivi, na kazi ya waya wa milimita za mraba 1.5 hadi 2.5 inafanyika vizuri. Konekta nene usiijaribu nacho. Uzito wa ncha yake ni mdogo mno.

Vipo pia vyuma vya volti 12 vya kuchomeka kwenye gari, vya wati 60 hadi 100. Hivyo ni vya kweli, lakini waya wake usiuongeze. Kwa volti 12, wati 100 ni ampea zaidi ya 8, na mita 10 za kebo nyembamba ya milimita moja ya mraba hula zaidi ya theluthi ya nguvu kabla haijafika kwenye ncha. Sogeza gari, usirefushe waya.

Vyuma vya gesi, vinavyojazwa gesi ya viberiti, ndivyo vinavyopendwa na wengi kwa kazi ya nje, na kwa Iringa mjini au Mbeya mjini mchana wa jua sina neno baya juu yake. Vinawaka haraka, havina waya wa kujikwaa, na kichwa cha kupuliza hewa ya moto kinafaa kwa mipira ya kusinyaa. Lakini ujue mipaka yake. Gesi yake kwa sehemu kubwa ni butane, ambayo huacha kuchemka joto likikaribia sifuri. Uwanda wa Kitulo uko kwenye mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Alfajiri ya Juni mtungi huo mdogo hutoa moto mnyonge, na hewa yenyewe ni nyepesi, oksijeni ni kidogo kuliko pwani. Hata Mbeya mjini, kwenye mita 1,700, kanieneo la hewa ni kama asilimia 82 tu ya lile la Dar es Salaam. Weka chuma ndani ya koti nusu saa kabla ya kazi, nunua gesi yenye mchanganyiko wa propane ukiipata, na ukinge upepo. Kopo la maziwa ya unga lililokatwa ubavu, ukaingiza kiungo ndani yake, hubadilisha kila kitu: nusu ya joto ambalo watu hulitafuta kwa kununua chuma kikubwa zaidi lilikuwa linachukuliwa na upepo. Na kwenye mabasi ya kwenda Tukuyu au Mafinga, mtungi wa gesi usiupakie kwenye buti.

Sasa nije kwenye kifaa ambacho wasomaji watanicheka kwa kukisifu. Nenda kwa fundi bati yeyote, Mlandege pale Iringa au popote wanapotengeneza majiko na makarai, utaona kipande kizito cha shaba kilichofungwa kwenye fimbo ya chuma yenye mpini wa mti, kimelala kwenye jiko la mkaa. Hicho ndicho chuma cha kulehemu cha zamani kuliko vyote, na kwa kazi ya antena mbali na umeme sijaona kinachokishinda. Kipande cha gramu 250 kikitoka makaani na nyuzijoto 400, mpaka kishuke kufika 230 kitakuwa kimetoa jouli kama 16,000. Chuma cha wati 30 kingehitaji dakika tisa kutoa kiasi hicho. Hiki kinakupa papo hapo, na PL-259 hailambi hata nusu yake. Hakina betri ya kuisha, upepo haukiathiri sana, na fundi atakutengenezea kwa bei ndogo kuliko chuma chochote cha dukani. Vikiwa viwili ni bora: kimoja kinapata moto, kingine kinafanya kazi. Mkaa wenyewe hauhitaji kuwa mwingi, na mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye kichoma chake unafanya kazi hiyohiyo.

Kina tabia zake. Kikiachwa makaani mpaka kiwe chekundu, ngozi ya risasi usoni huungua na hakishiki tena; kitoe moto wake ukianza kugeuka kijani, ukisugue kwa tupa, ukipake risasi upya. (Tupa ni kwa shaba tupu pekee. Ncha za vyuma vya kisasa zimevikwa chuma juu. Ukizipiga tupa mara moja umezitupa.) Hakifai kwa kiungo kidogo kilicho karibu na plastiki, na hakifai juu ya mlingoti, kwa kuwa kinapoa ukiwa njiani. Ardhini, kwenye waya mnene wa ardhi na kwenye konekta, mwache fundi simu acheke.

Risasi yenyewe isikuchukulie muda mwingi. Kwa kazi ya nje tumia ya bati na risasi, ile ya 60/40 au 63/37, inayoyeyuka kuanzia nyuzijoto 183. Zisizo na madini ya risasi huanza karibu na 217 au 227, na hizo nyuzi arobaini za ziada kwenye upepo ni nyingi. Nawa mikono kabla ya kula, na usiwape watoto mabaki wachezee.

Dawa ya kulehemia ndiyo inayoua antena nyingi. Ile ya fundi bati ni asidi: husafisha chuma na zinki vizuri, kisha hubaki ndani ya nyuzi za waya ikila shaba kimyakimya kwa msimu mzima. Mwazime fundi shaba yake, dawa yake mwachie. Tumia ya ulimbo, iliyomo ndani ya waya wa risasi au kwenye kikopo. Ulimbo huo hutokana na utomvu wa mipaina, na anayeishi karibu na Sao Hill, Mufindi, ameshaona vifuko vya kugemea utomvu vikining'inia kwenye mashina. Malighafi inaanzia pale mlangoni petu. Ulimbo ukipoa hugeuka kama kioo na hauli kitu.

Kabla hujalaumu chuma, hakikisha pia kwamba unacholehemu kinalehemika. Kebo ya ving'amuzi vya televisheni, RG-6, inapatikana kila duka na wengi huitumia kwa dipoli kwa kuwa omu zake 75 zinakaribiana na za dipoli. Wavu wake kwa kawaida ni alumini, na risasi ya kawaida haishiki alumini hata uwe na tanuru. Kwa kebo hiyo tumia konekta za kubana au skrubu. Waya nao ukwangue kwa kisu kabla ya kununua: ukiona weupe chini ya wekundu, mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba. Waya wa mota uliovuliwa kwa fundi wa kuzungusha mota ni mzuri sana, mradi uondoe rangi yake yote kwa msasa mahali pa kuungia.

Risasi haishikilii mzigo. Kabla ya mitandao ya simu kuenea, hospitali za mbali za Afrika Mashariki zilizungumza kwa redio za masafa mafupi, mtandao wa AMREF, shirika lililoanzishwa 1957, ukiwa mmojawapo, na antena zake zilikuwa waya uleule unaoutundika wewe. Viungo vya waya wa namna hiyo husukwa kwanza: kila waya unauzungukia mwenzake mara tano au sita, vikavutwa mpaka vibane, ndipo risasi ikafuata kuziba hewa na kupitisha umeme. Kiungo ambacho kingeachia bila risasi kitaachia nayo pia. Kwenye kitovu cha dipoli, uzito wa kebo ubebwe na kamba au kibanio, kamwe usibebwe na kiungo.

Mawingu ya Rungwe yakianza kujikusanya mchana, acha kazi. Tukuyu radi haina miadi, na waya wa mita 20 ulioushika mkononi hauhitaji kupigwa moja kwa moja ili ukudhuru. Na kama bado huna leseni, ofisi ya kanda ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iko Mbeya. Ishara za wito za Tanzania huanza na 5H, na kuomba yako mapema kunakupa muda wa kulehemu kwa utulivu.

Kiungo kikipoa, futa ulimbo kwa spiriti, kisha ukifunge siku hiyohiyo. Kanda za umeme za kawaida peke yake huachia jua likizipata. Mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa utepe mrefu, ukavutwa na kuzungushwa kutoka chini kwenda juu ili maji yateremke nje yake, kisha kanda juu yake, hukaa misimu kadhaa. Silikoni ni nzuri ikiwa haina harufu ya siki; yenye harufu hiyo hutoa asidi inapokauka na kushambulia shaba uliyotoka kuisafisha. Pima kwa multimita kati ya waya wa kati na wavu kabla antena haijapanda. Baada ya mvua za kwanza za Novemba ishushe kwa kapi lako, ufungue kiungo kimoja utazame. Shaba iking'aa, funga urudishe juu. Ukikuta ukijani, maji yameshaingia kwenye kebo na yanatembea ndani ya wavu. Kulehemu juu yake hakusaidii. Kata kebo nusu mita nusu mita mpaka ukute wavu unaong'aa, na uanzie hapo.